Unapiga picha za majengo? Tafuta baiskeli kabla ya lenzi

Kila anayeanza kazi hii ya kupiga picha za majengo huniuliza anunue lenzi gani. Nami humuuliza kwanza mjini anazungukaje. Akisema kwa gari, namwambia atafute baiskeli, naye hucheka akidhani namtania. Sitanii hata kidogo. Jengo halihami, ndiyo maana watu hudhani hakuna kitu rahisi kupiga picha kama jengo. Kinachohama ni jua, na huwezi kujua jua linalifanyia nini jengo mpaka uwe umepita hapo asubuhi, adhuhuri na jioni, tena miezi mbalimbali. Ukiwa ndani ya gari unapita upesi, macho yako kwenye foleni. Kwa miguu unaona vizuri, lakini utamaliza mtaa mmoja tu kabla mwanga haujageuka. Kwa baiskeli unatazama jengo hili, unapiga pedali kidogo, unalikuta lile la pili lingali kwenye mwanga uleule, unalinganisha. Ukitaka kusimama unasimama, huna haja ya kuhangaika na maegesho.

Siku zangu nyingi sina mteja. Natoka kabla ya mawio nikiwa na simu, dira na kijitabu. Kamera kubwa naiacha nyumbani. Hili huwashangaza wenzangu, lakini ukiwa na kamera utaanza kupiga, na ukianza kupiga utaacha kutazama. Ninachoandika ni kifupi: uso huu unaelekea wapi, jua limefika ghorofa ya ngapi, kivuli cha jirani kinakata wapi, gari la taka hupita saa ngapi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nusu saa tu inatosha kivuli cha baraza kishuke na kufunika dirisha ulilokuwa unalitaka.

Na usiridhike na kujua jua linachomoza mashariki. Kwa aliye karibu na ikweta, jua la mchana wa Juni liko upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini. Maana yake ukuta mmoja unang'aa nusu ya mwaka na nusu nyingine uko kivulini. Aliye mbali kaskazini, nje ya tropiki, hana bahati hiyo: ukuta wake wa kaskazini hupata jua asubuhi mapema na jioni tu, wakati wa kiangazi. Kama mteja anautaka ukuta huo uwe na mwanga, mwambie tarehe, usimwahidi wiki ijayo.

Kuna mwanga mwingine ambao hata programu za simu zinazochora njia ya jua hazikuonyeshi. Napita mara kwa mara penye jengo la ofisi ambalo ngazi zake za zege ziko upande usiopata jua kabisa. Ng'ambo ya barabara kuna mnara wa vioo. Jioni, jua linapovipiga vile vioo, linarushwa ng'ambo na kutua kwenye zile ngazi kwa mabaka ya mstatili, yaliyopinda kidogo kwa sababu vioo havijanyooka sawasawa. Mabaka yanapanda ngazi moja baada ya nyingine, kisha yanazimika. Msanifu mwenyewe wa jengo hilo alikuwa hajui. Nilipomwonyesha picha alidhani nimeweka taa.

Hata picha kongwe kuliko zote zilizopigwa kwa kamera na kubaki hadi leo, ile ya Nicéphore Niépce wa Ufaransa ya mwaka 1826 au 1827, ni picha ya majengo yaliyoonekana dirishani kwake. Ilichukua saa nyingi kujiandika, na ndiyo maana ukiitazama unaona kuta zinazoelekeana zote zimepigwa na jua. Sisi wa leo hatuna anasa hiyo. Lazima uchague saa moja, na kuichagua ndiyo kazi yenyewe.

Siku ya kazi ikifika, swali ni namna ya kubeba vitu. Hapa nina msimamo na sibishani: kamera na lenzi mgongoni, tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu ya kamera, kwenye keria. Keria imefungwa kwenye fremu kwa bolti, kila shimo la barabara linapita moja kwa moja mpaka ndani ya lenzi. Mgongoni mshtuko huishia magotini na viwikoni kwako. Chagua mkoba wenye mkanda wa kifuani, usiyumbe unapokata kona. Kamera usiining'inize shingoni ukiwa unaendesha. Itagonga usukani, na ukianguka utaangukia juu yake. Matairi yawe mapana kidogo, na upepo usijazwe mpaka yawe magumu kama jiwe. Utapoteza mwendo kiasi, ila vifaa vitatulia. Madigadi ni lazima, labda upende kufika kwa mteja ukiwa na mstari wa tope mgongoni. Tripodi nayo ikague skrubu kila ufikapo, kwa sababu mtikisiko huzilegeza polepole. Pancha haina adabu, kwa hiyo tyubu ya akiba na pampu havitoki kwenye mkoba.

Hatari yetu sisi si ya waendesha baiskeli wengine. Sisi tunatazama juu. Unaona paa limepata mwanga mzuri, macho yanapanda, na mbele yako mtu anafungua mlango wa gari. Nimejiwekea sharti: macho hayapandi juu mpaka mguu mmoja uwe umegusa chini. Pita mbali na magari yaliyoegeshwa, mita moja hivi, upana wa mlango uliofunguka. Na lori linalotaka kukata kona usijipenyeze ubavuni mwake upande linakoelekea, hata kama nafasi ipo. Dereva hakuoni, na magurudumu ya nyuma hukata ndani zaidi kuliko ya mbele.

Fika mapema upoe. Mtu anayetiririka jasho huharakisha kila kitu, hata kusawazisha kamera, na kusawazisha ndiko kunakotenganisha picha ya jengo na picha ya mtalii. Ukiinamisha kamera juu, kuta zinaegemeana kana kwamba jengo linaanguka chali. Iache kamera imenyooka. Kama una lenzi inayosogezwa juu na chini bila kuinamisha kamera, vizuri; kama huna, rudi nyuma, iache kamera imenyooka vilevile, kisha ukate barabara iliyozidi chini ya picha. Bora zaidi panda jengo la ng'ambo mpaka karibu nusu ya urefu wa hilo unalopiga. Kitundu cha lenzi, yaani tundu linalopitisha mwanga, kikiwa f/8 au f/11 kinatosha (namba ikikua, kitundu hupungua). Ukikibana zaidi ya hapo, ukali wa picha huanza kupungua.

Ila kabla ya kupanda ng'ambo, ijue sheria ya ulipo. Marekani, sheria ya 1990 iliyowapa wasanifu hakimiliki juu ya majengo yao ilieleza wazi kwamba jengo linaloonekana kutoka mahali pa umma linaweza kupigwa picha. Paris, mnara wa Eiffel wa mchana hauna shida, lakini taa zake za usiku zina hakimiliki yake na picha za biashara huhitaji kibali. Ujerumani, mwaka 2003, mahakama ya juu iliamua kesi ya picha ya jumba la msanii Hundertwasser lililoko Vienna, Austria, iliyopigwa kutoka kwenye nyumba ya ng'ambo: uhuru wa kupiga unahusu kile kinachoonekana ukiwa mtaani, si kile unachokifikia kwa kupanda orofani. Pata ruhusa ya maandishi kwa mwenye jengo, uiweke kwenye simu. Walinzi huanza kuja tripodi inapofunguka. Hapa baiskeli husaidia tena, maana mlinzi aliyekuona ukipita wiki nzima anakusalimia kabla hajakuuliza. Na baiskeli yenyewe ifungie mahali ambapo haitaingia kwenye picha. Unaweza kucheka, lakini usukani ukitokeza kwenye kona ya picha ni kazi ya nusu saa ya kufuta.

Mawingu yasikurudishe nyumbani. Bernd na Hilla Becher, wale wanandoa wa Ujerumani waliopiga matangi ya maji na mitambo ya viwanda kwa miongo, walipendelea anga la mawingu matupu kwa sababu hakuna kivuli cha kuvunja umbo. Jengo lenye mapambo mengi, matofali na vinyago, nalipiga siku hiyo. Jengo tupu la ukuta mweupe hapana, litaonekana kama boksi.

Magharibi ndiyo saa inayolipa zaidi, taa za ndani zikiwa zimelingana na anga. Karibu na ikweta jua huzama wima, una dakika 20 na ushei tu kabla anga halijawa jeusi. Mbali na ikweta huzama kwa mshazari, utapata muda zaidi. Kwa vyovyote usihame. Chagua kona moja na ubaki hapo. Hakikisha pia taa ya baiskeli imechajiwa, kwa maana utarudi gizani ukiwa na mzigo wa thamani mgongoni.

Mwisho ni pesa. Mteja huona umekaa saa mbili kwenye jengo lake, basi hutaka kulipa saa mbili. Mimi kwenye ankara naweka mstari wa kukagua mwanga, na siuondoi. Akiulalamikia, namfungulia kurasa za kijitabu zinazohusu jengo lake, tarehe, saa, kivuli kilipofikia. Wengi hulipa. Mmoja aliomba nakala ya kurasa hizo ampe msanifu wake apangie madirisha ya jengo jipya la kiwanja cha jirani. Nilimpa, nikamwongezea mstari wa pili.