Keto na vyuma kwenye joto la Mombasa: shughulikia chumvi kwanza

Watu wakisikia niko kwenye keto, yaani nimekata wanga na nguvu naitoa zaidi kwenye mafuta, huku nikinyanyua vyuma, huniuliza: Mombasa hii utakula nini, na mahamri yako kila kona? Lakini chakula ndicho chepesi kuliko yote. Samaki wa kupaka bila wali, pweza, mishkaki, mayai, mchicha wa nazi, kachumbari, parachichi. Aliyelelewa na tui hapati shida. Cha kuchunga ni mbaazi, muhogo, viazi karai na (hili huwauma wengi) madafu. Kikombe kimoja cha maji yake kina wanga kama gramu 9, na wengi wa keto huishia gramu 20 hadi 50 kwa siku. Kahawa chungu ruksa. Kashata yake, hapana.

Kazi iko kwenye chumvi. Ukikata wanga, mwili hutumia glikojeni, ile akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli na ini, na kila gramu yake huwa imeshika maji kama gramu 3. Maji hayo hutoka nayo. Insulini (homoni inayoshughulikia sukari mwilini) ikishuka, figo nazo huanza kumwaga sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwenye mkojo. Sasa ongeza jimu yenye feni moja mbovu, mwezi wa Machi, fulana inakamulika kabla hujamaliza kupasha mwili. Ndipo kichwa hugonga, miguu hukakamaa usiku, na chuma ulichokizoea kinagoma kunyanyuka. Wengi hukimbilia maji matupu, nayo huzidi kuizimua ile sodiamu iliyobaki. Mimi hunywa supu ya mifupa au ya pweza, imekolea chumvi na ndimu, kama saa moja kabla ya mazoezi. Chapati namwachia jirani wa meza.

Ushauri huo wa chumvi haumhusu mwenye presha au maradhi ya figo. Na anayetumia dawa za kisukari aonane na daktari kabla ya kukata chochote, maana dozi ile ile bila wanga inaweza kushusha sukari vibaya.

Kwenye vyuma nilipunguza marudio, uzito nikauacha palepale. Seti ya skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) ya marudio 3 hadi 5 haitegemei sana glikojeni. Seti ya 15 ndiyo hufia njiani, na yangu hufia njiani mpaka leo. Protini usiibane: gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wako. Kusema kweli, anayetaka misuli mikubwa tu hana haja ya keto. Mimi imenishika kwa sababu njaa imetulia.

Jipe wiki kadhaa kabla ya kuihukumu. Na usiianze Ramadhani: kutwa huna maji wala chumvi, jioni umewekewa viazi vya nazi na kaimati, na mama anakutazama kama unakula. Ngoja Mfungo Mosi, vileja vya Idi vikishaisha ndani.