Nani mwenye mfumo?

Wiki hii mmeuliza: je, serikali ya nchi inahitaji ofisa mkuu wa teknolojia, na kazi yake hasa iwe ipi?

Nina stesheneri Shinyanga mjini. Natoa kopi, naskani, na siku hizi kazi kubwa ni kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, vyeti vyake vyote viko kwenye bahasha ya kaki iliyochakaa. Jina lake la ukoo linaanza na Ng', kama majina mengi ya Kisukuma. Tukaandika. Yakatokea maandishi mekundu: jina liwe na herufi tu. Tukaiondoa ritifaa, ile alama ya juu baada ya Ng, fomu ikapita. Kesho yake maombi yakarudishwa: jina halilingani na la kitambulisho.

Nikapiga namba iliyo chini ya ukurasa. Dada aliyepokea alikuwa mpole: "Kaka, hilo ni la watu wa mfumo." Nikazungushwa mpaka nikawapata hao watu wa mfumo. Nao wakasema, "Sisi tulijenga kama idara ilivyotuelekeza." Mzee yuko kwenye benchi, ananitazama. "Mwanangu, kwa hiyo wanataka nibadili jina?"

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, anahitajika, ili kosa kama hili liwe na mwenyewe. Lakini cheo peke yake hakitoshi. Marekani walikuwa nacho tangu 2009, wa kwanza akiwa Aneesh Chopra. Hata hivyo tarehe 1 Oktoba 2013 walifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, ikaelemewa siku hiyohiyo. Kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye zilionyesha kuwa siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha ni watu 6. Sita, kwa tovuti ya majimbo 36! Sababu mojawapo naijua vizuri kutoka kwenye kiti changu: ulilazimika kufungua akaunti kabla hata hujaona bei, watu wote wakabanana mlangoni. Kampuni zilizopewa zabuni zilikuwa nyingi, kila moja na kipande chake. Ofisa mkuu wa teknolojia wa wakati huo, Todd Park, alikuwa Ikulu, ilhali mikataba ilikuwa upande wa Wizara ya Afya. Cheo anacho, rungu hana.

Walivyoinusuru ndiko kwenye utamu. Park alikusanya kikosi kidogo cha mafundi, akiwemo Mikey Dickerson kutoka Google. Wakakuta hapana hata sehemu moja ya kutazama kama tovuti inapumua au imezimia, wakaiweka. Vikao vya kila siku vikapewa sheria: azungumze anayelijua tatizo, si mwenye cheo kikubwa. (Sheria hiyo ningeichapa bure na kuibandika kwenye ofisi kadhaa ninazozifahamu.) Mwanzoni mwa Desemba ilikuwa inabeba watu 50,000 kwa wakati mmoja.

Sisi Tanzania hatuanzii sifuri. Tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye sheria yake ya 2019. Tuna kontroli namba, yaani namba ya kulipia huduma za serikali: mteja anakaa kwangu, analipa kwa simu, anaondoka na risiti, na mtindo ni uleule hata akienda ofisi nyingine ya serikali. Imewezekana kwa sababu ofisi zote ziliambiwa zipite njia moja. Estonia wamekwenda mbali zaidi: sheria yao inakataza ofisi kuanzisha hifadhidata yake ya taarifa ambazo ofisi nyingine tayari inazo. Kwangu mteja mmoja anaweza kutaja tarehe ya kuzaliwa mara nne kwa asubuhi moja.

Huyo ofisa mkuu basi apewe uwezo wa kuzuia mfumo usizinduliwe, hata kama mgeni rasmi ameshaalikwa na fulana zimeshachapwa. Apewe sauti kwenye zabuni kabla haijatangazwa. Makongamano ya akili mnemba anaweza kumtuma msaidizi.

Mzee alirudi wiki iliyofuata na hati ya kiapo. Alikuwa amemlipa wakili aandike kwamba mwenye ritifaa na asiye na ritifaa ni mtu mmoja. Nikaiskani, tukaiambatisha, tukaanza tena.