Kwa mlioanza nadharia ya namba: ikiwa kubwa, ivunjeni kwanza

Nyinyi mnaoanza mwaka huu nataka mshike jambo moja kabla hamjakimbilia kalkuleta: ukipewa namba kubwa ivunje kwanza, yaani iandike kama namba tasa (zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zilizozidishana, halafu ndo urudi kwenye swali. Vijana ninaowasomesha jioni hapa Majengo nikiwaandikia 360360 ubaoni niwaulize ina vigawo vingapi, yaani namba ngapi zinaigawa bila baki, wengi wanaanza 1, 2, 3, 4, 5, 6... adhana ya magharibi inawakuta bado wanaorodhesha, na kwa orodha refu hivo lazima kuna kitakachorukwa.

Hebu itazame tu ilivyoandikwa. Ni 360 ikafuatwa na 360 tena, kwa hivyo ni 360 × 1001, na 1001 ni 7 × 11 × 13, hii ikae kichwani kabisa. Chukua namba yoyote ya tarakimu tatu uirudie, hata ile 254 inayoanza simu zetu za Kenya, 254254 inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 bila baki. Naipenda sana hii manake mtoto akishaiona anaanza kujaribu namba zake mwenyewe bila kuambiwa.

Sasa 360 ni 2³ × 3² × 5, basi namba nzima ni 2³ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Kigawo chochote kitatoka humo humo tu. Kwa 2 una chaguo nne: usichukue hata moja, chukua moja, mbili, au zote tatu. Kwa 3 una chaguo tatu, na hizo nne zilobaki kila moja ni uichukue au uiache. 4 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 192, kwisha. Wengi wanakosea hapa kwa kuzidisha vipeo (zile namba ndogo za juu) vilivyo, wanasahau kwamba kutochukua nako ni chaguo, kwa hivyo kila kipeo kiongezeni moja. Na hii 360360 ndo namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa kila namba toka 1 hadi 15. Kwa 16 inakataa, manake 16 inataka 2 nne na humu ziko tatu.

Lakini kuna namba ngumu jamani. 4294967297, yaani 2³² + 1, mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa mpaka 1732 mwenzake Euler akaonyesha ni 641 × 6700417. Ukijaribu kwa upofu itabidi ujiandae kupita namba tasa zote mpaka 65536, ila vigawo vyake tasa lazima viache baki 1 ukivigawa kwa 64, so unaenda kwa hatua za 64, unajaribu 65, 129, 193 na kuendelea, na 641 ni ya kumi tu kwenye huo mstari. Jaribuni wenyewe na 2¹¹ − 1, yaani 2047, vigawo vyake tasa lazima viache baki 1 ukivigawa kwa 22, kwa hivyo anzeni na 23.