Nimewapa uhuru wa kuchagua, wakanyamaza

SWALI: Nafundisha Kifaransa, darasa la wanafunzi 40 walio mwaka wa pili. Nilianza kutoa zawadi kwa wanaofanya vizuri. Ari ikapanda wiki mbili tatu, kisha ikazimika. Nikaamua kuwapa uhuru: chagueni wenyewe cha kujifunza. Darasa zima likanikodolea macho. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, nia yako ni njema, ila umeruka hatua. Henri Holec, aliyeliandikia Baraza la Ulaya juu ya jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1970, alieleza kujitegemea kwa mwanafunzi kuwa ni uwezo wa kushika dhamana ya kujifunza kwake: kuweka lengo, kuchagua njia, kufuatilia na kujipima. Alisisitiza pia kwamba mtu hazaliwi na uwezo huo. Sasa mwanafunzi aliyezoea kuambiwa "fungua ukurasa wa 12" utamtaka aupate wapi kwa siku moja?

Kuhusu zawadi, mwaka 1971 Edward Deci wa Marekani alichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo walilipwa kwa kutegua mafumbo. Malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyachezea kwa hiari ilielekea kushuka. Kwa hiyo zile wiki mbili tatu zako hazinishangazi. Usiwanyime pongezi, lakini isifie kazi yenyewe: "Leo umejisahihisha kabla sijasema."

Uhuru uanze mdogo, wenye mipaka. Mada inabaki ya mtaala. Wao wachague kati ya mazoezi mawili, au wa kufanya naye kazi. Kisha kila mmoja awe na daftari la kujifuatilia, dakika tano mwishoni mwa kipindi: nilitaka nini, nimefanya nini, nimekwama wapi, kesho nini.

Hapa kwenye lengo ndipo pa kutulia nao. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: "Nataka kujua Kifaransa vizuri." Nikamuuliza, ukishakijua vizuri utafanya nini ambacho leo huwezi? Akafikiri, akafuta, akaandika: "Nieleze nilivyoshinda jana, sentensi tano, bila kusoma." Akaanza, akitaka kusema "nilienda": "J'ai allé." Mwenzake akamwambia siyo. Wakafungua kitabu wenyewe, wakakuta ni "je suis allé", na wakakuta vitenzi vingine vya mwendo vinavyofuata kitenzi kisaidizi "être" (kuwa) badala ya "avoir" (kuwa na). Somo hilo nilikuwa nimeshalifundisha ubaoni mara mbili. Siku ile walilitafuta kwa sababu walikuwa na la kusema. Hiyo ndiyo ari ninayoitaka darasani, na nakuombea uione kwako.

Tafadhali usijitoe. Wapo walimu wanaodhani kujitegemea ni mwalimu kukaa pembeni, na wanyonge ndio huumia kwanza. Kazi yako inaongezeka: kuzunguka, kuuliza, kuonyesha njia tatu za kukariri msamiati ili wajue kipi cha kuchagua.

Madaftari 40 hutayamaliza kwa siku. Chukua manane kila kipindi. Baada ya vipindi vitano umewafikia wote. Usiyatie alama, maana ukishatia, wataandika unachopenda kusoma. Andika swali moja tu chini ya ukurasa, na kipindi kinachofuata waanze kwa kulijibu.