Jibu: Maktaba ya kujitolea Kirumba na msaada wa manispaa

Ndugu, nimekuelewa: mna vitabu, wasomaji na watu wa kujitolea, ila mwenye chumba anataka kodi na barua yenu ya kuomba msaada manispaa ya Ilemela, Mwanza, haijajibiwa. Barua ya namna hiyo mara nyingi hukwama kwa sababu haijapitia ngazi za chini.

Anzeni mtaani. Ombeni ajenda kwenye mkutano wa mtaa, kisha mchukue nakala ya muhtasari yenye sahihi na mhuri. Nayo iende kwa mtendaji wa kata, ijadiliwe na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Fanyeni hivyo mapema, kwani mwaka wa fedha huanza 1 Julai na mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi la Mei limechelewa.

Msiombe "msaada" tu. Ombeni chumba kisichotumika katika jengo la umma, rafu sita, bili ya umeme. Ambatisheni daftari la mahudhurio la miezi mitatu. Hilo lina nguvu kuliko maneno matamu. Afisa maendeleo ya jamii atawaelekeza kusajili kikundi.

Tahadhari na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu: haina riba, lakini ni mkopo. Maktaba isiyo na kipato itarejesha kwa fedha gani?

Mkipewa chumba, mkataba uwe wa maandishi, useme muda na vitabu ni vya nani. Wakili ausome kabla hamjasaini.