KB5034441 inagoma na 0x80070643

Kaka, kama Windows 10 yako inashusha sasisho la KB5034441, inaanza kusakinisha halafu inatema kosa la 0x80070643 kila siku, acha kufuta folda ya SoftwareDistribution, ile Windows inapohifadhi masasisho iliyoshusha. Unamaliza bando bure. Sasisho hili la Januari 2024 (Microsoft waliliondoa Agosti 2024) linagusa WinRE, mfumo wa kuokolea mashine unaokaa kwenye patisheni (kipande cha diski) iliyojificha iitwayo Recovery, na linataka MB 250 tupu humo humo. Hata C ikiwa na GB 300 wazi, halijali.

Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama Administrator, andika reagentc /info uone hali ya WinRE. Ikisema Disabled (imezimwa) na mashine haina patisheni ya Recovery, hulihitaji, liache lipige kelele.

Ikisema Enabled (imewashwa), na Recovery iko mara tu baada ya C kwenye Disk Management: izime WinRE kwa reagentc /disable, punguza C kwa MB 250, futa Recovery, iunde upya kwa diskpart (amri ya kugawa diski), kisha reagentc /enable. Ila diskpart haina msamaha, ukikosea namba ya patisheni picha za harusi zimekwenda. Nakili vitu vyako kwenye diski ya nje kwanza, na laptop iwe kwenye chaji.