Maswali na majibu: BLAST, hemoglobini na jeni zilizogeuka tarehe

Kanzidata za mifuatano ya protini na DNA ni nyingi mno. Nianzie wapi?

Anza na protini moja, usianze na orodha ya tovuti. Wanaoanza huwa nawapa hemoglobini beta ya binadamu, sehemu ya protini inayobeba oksijeni kwenye damu: ingia UniProt, kanzidata ya protini, andika P68871, ambayo ni namba yake, usome ukurasa mzima taratibu. Kanzidata za DNA, yaani GenBank ya Marekani, ENA ya Ulaya na DDBJ ya Japani, zisikutishe. Hubadilishana data kila siku, kwa hiyo mfuatano uliowekwa kwenye moja utaukuta na kwenye nyingine.

Kitabu changu kinasema selimundu husababishwa na badiliko kwenye asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) ya 6 ya hemoglobini beta. UniProt inasema ya 7. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Mfuatano unaanza hivi, kila herufi ikiwa asidi amino moja: MVHLTPEEK. Weka kidole uhesabu: M ya 1, V ya 2, mpaka E ya kwanza, ambayo ni ya 7. Hiyo ndiyo inayogeuka V. Sasa, ile M ya mwanzo hukatwa protini inapotengenezwa, na watafiti wa zamani walikuwa wakisoma protini yenyewe kutoka kwenye damu. M hawakuikuta, wakaanza kuhesabu kwenye V. Kanzidata huhesabu kutoka kwenye M.

Utata huu utakuandama. Mahali palepale kwenye jenomu (DNA yote) ya binadamu huwa na namba moja katika toleo la GRCh37 na nyingine katika GRCh38. Faili za BED, zinazoorodhesha maeneo ya jenomu, huanza kuhesabu na 0; za VCF, zinazoorodhesha tofauti za DNA, na 1. Ukiandika namba bila kutaja toleo, umeandika nusu ya anwani.

BLAST, programu inayotafuta mifuatano inayofanana na wangu, imeniletea majibu mengi. La juu lina thamani E ya 2e-50, la chini 3. Niangalie hiyo au asilimia ya ufanano?

Anza na E. Inakadiria ni majibu mangapi yenye alama kama hizo, au zaidi, ungeyapata kwa bahati tu katika kanzidata ya ukubwa huo. Tatu maana yake ni bahati nasibu, liache. Asilimia peke yake hudanganya: ufanano wa 100% kwenye asidi amino 9 hauna uzito wa 35% kwenye 300.

Halafu jina la protini usilimeze zima zima. Ndani ya UniProt, rekodi za Swiss-Prot zimepitiwa na watu. Za TrEMBL zimepewa maelezo na kompyuta, mara nyingi kwa kufananisha na rekodi nyingine. Niliwahi kutembea na jina la kimeng'enya kwa wiki tatu kabla ya kugundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kulihakiki.

Nimefungua orodha ya jeni kwenye Excel, nyingine zimegeuka tarehe!

Pole. SEPT2 imekuwa tarehe 2 Septemba. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza mabadiliko, ndiyo maana sasa ni SEPTIN2, na MARCH1 ni MARCHF1, lakini faili za zamani bado zina majina ya zamani. Ukishahifadhi, kurudisha ni kubahatisha: MARCH1 na MARC1 ni jeni mbili tofauti, na zote huwa 1 Machi. Rudi kwenye faili la asili, na unapolileta tena chagua safu ya majina isomwe kama maandishi.

Lazima nijue kuandika programu?

Kuanza, hapana. Ila siku ukipata faili la FASTA (maandishi matupu ya mifuatano) lenye mifuatano 5,000, kubofya kutakuchosha. Kila mfuatano hutanguliwa na mstari unaoanza na alama ya >, basi amri hii ya terminali inakuhesabia:

grep -c '>' faili.fasta

Usisahau hizo alama za kunukuu. Ukiziacha, kompyuta itaelewa kwamba unataka kuandika juu ya faili lako, na itafuta yote yaliyomo bila kukuuliza.